Samuel Colt: Bastola iliyozunguka dunia na fataki ndogo iliyobeba uhai wa mtu

Tarehe 10 Januari 1862, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, alifariki dunia mtu ambaye jina lake lilikuwa tayari limekuwa jina la silaha. Samuel Colt alikuwa na umri wa miaka 47. Alizaliwa katika mji huo huo, akafilisika akiwa kijana, kisha akafa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi yake. Mali yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 15 za wakati ule.

Wengi humkumbuka kuwa ndiye aliyeipa dunia bastola inayofyatua risasi tano au sita bila kushindiliwa upya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bastola zote alizouza katika uhai wake hazikutumia risasi za ganda kama zinavyojulikana leo. Kila chumba cha silinda kilitiwa baruti, kikashindiliwa risasi ya madini ya risasi, na nyuma yake kikavishwa fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba kisichozidi ukubwa wa punje ya dengu. Fataki isipowaka, bastola haikuwa na thamani kuliko rungu. Maisha ya Colt, kwa sehemu kubwa, yalikuwa mapambano ya kumfanya mnunuzi akiamini kikombe hicho.

Kutoka gumegume hadi fataki

Kabla ya fataki kulikuwa na bunduki ya gumegume. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia baruti iliyomwagwa kwenye kisahani kando ya mtutu, na moto ukapenya ndani. Mvua ikinyesha, baruti ya kisahani ililowa. Upepo ukivuma, ilipeperuka. Na hata siku ya jua, ndege aliuona mwako na kuruka kabla ya risasi kutoka.

Kasisi mmoja wa Uskoti aliyependa kuwinda, Alexander John Forsyth wa parokia ya Belhelvie, alichoshwa na ndege waliomtoroka kwa namna hiyo. Mwaka 1807 alipata hataza ya njia mpya, ambayo ilitumia kemikali inayolipuka inapogongwa badala ya cheche za jiwe. Miaka michache baadaye wahunzi wa bunduki wa Ulaya na Marekani waliiweka kemikali ya aina hiyo ndani ya kikombe cha shaba. Kikombe kilivishwa juu ya chuchu ya chuma yenye tundu jembamba. Nyundo ikiangukia kikombe, moto ulipita tunduni na kuifikia baruti.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kikombe hicho kiliitwa fataki, na silaha zilizokitumia zikatofautishwa na za gumegume kwa jina la bunduki za fataki. Leo neno hilo hutajwa zaidi katika milipuko ya rangi angani siku za sherehe, lakini wazee wa misafara ya karne ya 19 walilijua kwa maana ya bunduki.

Mtoto aliyependa milipuko

Samuel Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814. Baba yake, Christopher, alikuwa mfanyabiashara aliyepanda na kushuka kwa bahati ya soko. Mama yake, Sarah, alifariki Samuel akiwa bado mtoto mdogo. Alipofikisha miaka 11 alipelekwa kufanya kazi katika shamba la mtu huko Glastonbury, na huko akakutana na kitabu cha maarifa ya jumla kilichoeleza mambo ya baruti na umeme. Kitabu hicho kilimvutia kuliko masomo ya dini aliyotakiwa kuyasoma.

Baadaye alijiunga na baba yake katika kiwanda cha nguo mjini Ware, Massachusetts. Huko, katika sikukuu ya uhuru wa Marekani ya mwaka 1829, alijaribu kulipua chelezo kilichoelea bwawani kwa kutumia umeme uliopitishwa kwenye waya. Mlipuko ulitokea, lakini maji na matope yaliwaangukia watu waliokuja kutazama wakiwa na nguo zao za sikukuu. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa fundi kijana, Elisha Root, ambaye miaka ishirini baadaye angekuwa mkono wa kulia wa Colt kiwandani.

Mwaka 1830 alipelekwa baharini katika merikebu iliyokuwa ikielekea Calcutta, India. Ndani ya safari hiyo, kwa masimulizi ya Colt mwenyewe, alitazama jinsi mtambo wa merikebu ulivyozunguka na kukazwa mahali pake hatua kwa hatua, akaona kwamba silinda ya bastola ingeweza kufanywa vivyo hivyo. Alichonga mfano wake kwa mti.

Aliporejea nyumbani, wahunzi walimtengenezea silaha za kwanza kwa chuma. Bastola moja ililipuka katika majaribio. Colt hakuwa na fedha za kuendelea, basi akajipa jina la Daktari Coult wa Calcutta na kuzunguka miji ya Marekani na Kanada, akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Fedha hizo ndizo zilizolipa mafundi waliorekebisha wazo lake.

Hataza iliyotaja fataki kwanza

Mwishoni mwa mwaka 1835 alipata hataza Uingereza, na tarehe 25 Februari 1836 akapata ya Marekani. Hati ya Marekani inaonyesha wazi kilichomkaa moyoni. Kabla ya kudai chochote kuhusu namna silinda inavyozunguka, Colt alidai mambo matatu yahusuyo fataki: kuziweka fataki nyuma ya silinda, kuweka kizuizi kati ya fataki moja na nyingine, na kuzifunika kwa ngao ili zisipate unyevu na ili moshi usiharibu mitambo.

Madai hayo yalitokana na hatari ya kweli. Katika bunduki ya mtutu mmoja, fataki moja huwaka na kazi imekwisha. Katika silinda ya vyumba vitano, fataki tano hukaa bega kwa bega. Moto wa moja ukiigusa ya jirani, chumba ambacho hakijafika mbele ya mtutu huweza kufyatuka kikiwa kimeelekea chuma, na mkono wa mwenye bastola huwa hatarini. Bastola yenye risasi tano ingeweza kumlinda mtu mara tano, au kumlemaza kwa mara moja.

Kampuni yake ya kwanza ilianza mwaka huo huo mjini Paterson, New Jersey. Bastola za Paterson ziliuzwa ndani ya sanduku lenye vifaa vyake, kikiwamo kibweta cha mviringo kilichobeba fataki na kuzitoa moja moja, kwa kuwa vidole vya mtu mwenye baridi au hofu huangusha kitu kidogo namna ile. Hata hivyo jeshi halikuvutiwa. Maofisa walioijaribu silaha hiyo mwaka 1837 waliona kuwa ina mambo mengi mno kwa askari wa kawaida. Wanajeshi wachache waliokuwa wakipigana na Waseminole huko Florida walizinunua, na jamhuri changa ya Texas ilinunua nyingine kwa ajili ya jeshi lake la majini. Wateja hao hawakutosha. Mwaka 1842 kampuni ilifungwa.

Fataki mahakamani

Mwaka huo huo wa kufilisika uliiletea familia ya Colt msiba mwingine. Ndugu yake mkubwa, John, alishitakiwa mjini New York kwa kumuua mchapishaji wa vitabu, Samuel Adams, baada ya ugomvi wa fedha. Mwili ulikuwa umetiwa ndani ya sanduku na kupelekwa melini. John alisema alimpiga kwa shoka dogo katika mapigano. Upande wa mashitaka ulileta hoja nyingine: huenda Adams alipigwa risasi kwa bastola ya Colt isiyotiwa baruti, kwa nguvu ya fataki peke yake, ndiyo maana majirani hawakusikia mshindo mkubwa.

Samuel aliitwa mahakamani. Mbele ya majaji na baraza la wazee wa mahakama alifyatua bastola zenye risasi na fataki bila baruti. Risasi zilitoka kwa unyonge kiasi kwamba aliweza kuzidaka kwa mkono, na moja iliyolengwa kwenye kitabu ilipenya kurasa chache tu. Fataki ina nguvu ya kuwasha, si ya kuua. Maonyesho hayo hayakumwokoa John. Alihukumiwa kunyongwa, na siku ya kutekelezwa hukumu, Novemba 1842, alikutwa ndani ya chumba chake cha gereza akiwa amekufa kwa kuchomwa kisu kifuani.

Katika miaka hiyo migumu Samuel Colt aliishi kwa kubuni vitu vingine. Alitengeneza mabomu ya kutega majini yaliyolipuliwa kwa umeme, akafanya majaribio ya waya za simu chini ya maji, na kuiuzia serikali vifuko vya baruti vilivyofungwa kwa karatasi ya bati ili maji yasipenye. Hata alipokuwa mbali na bastola, alikuwa bado anapigana na unyevu.

Texas na kurudi kwake

Aliyemrudisha sokoni alikuwa mwanajeshi, Samuel Walker, mmoja wa walinzi wa mpaka wa Texas. Walinzi hao walikuwa wamezitumia bastola za Paterson dhidi ya Wacomanche mwaka 1844, na waliona kwamba mtu juu ya farasi hahitaji tena kushuka ili ashindilie. Kwa Wacomanche, waliokuwa wakiitetea ardhi yao, silaha hiyo ilikuwa balaa. Muda uliopita kati ya mlio mmoja wa bunduki na mwingine ndio uliokuwa nafasi yao ya kushambulia, na sasa nafasi hiyo iliondolewa.

Vita vya Marekani na Mexico vilipoanza mwaka 1846, Walker na Colt walishirikiana kubuni bastola kubwa zaidi yenye vyumba sita. Serikali iliagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda, hivyo kazi ilifanyika mwaka 1847 katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, huko Connecticut. Bastola hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili. Baadhi ya silinda zilipasuka, kwa sababu chuma cha wakati ule hakikuhimili kiasi kikubwa cha baruti kilichoingia ndani. Walker mwenyewe aliuawa vitani Huamantla, Mexico, mwezi Oktoba 1847, muda mfupi baada ya kupokea jozi yake.

Faida ya kazi hiyo ilimwezesha Colt kufungua kiwanda chake Hartford. Alimwajiri Elisha Root, na wawili hao wakaigeuza kazi ya uhunzi kuwa kazi ya mashine, ambapo kila kipande kilikatwa kwa kipimo kilekile. Mwaka 1851 alipeleka bastola zake katika Maonyesho Makubwa ya London, na baadaye akafungua kiwanda katika jiji hilo. Aliwapa wafalme na majenerali bastola zilizonakshiwa dhahabu, akiwamo Sultani wa Uturuki, kisha akasubiri maagizo. Bastola ndogo aliyoitoa karibu na mwaka huo, iliyojulikana kama ya jeshi la majini, ilitengenezwa zaidi ya 200,000 mjini Hartford.

Adui aliyebaki ndani ya bastola

Hata hivyo fataki haikukoma kuwa na matatizo. Nyundo ilipogonga, kikombe cha shaba mara nyingi kilipasuka. Vipande vyake viliweza kudondoka katika mfereji ambamo nyundo hupita, au kunasa kati ya silinda na fremu. Hapo nyundo haikufika tena kwenye fataki iliyofuata, au silinda ilikataa kuzunguka. Bastola za Colt zilikuwa wazi kwa juu. Washindani wake, kama Robert Adams wa Uingereza na kampuni ya Remington ya Marekani, waliweka daraja la chuma juu ya silinda na kupata fremu imara zaidi, lakini shaba iliyopasuka iliwasumbua na wao.

Watumiaji walijifunza kwa uchungu. Fataki kubwa kuliko chuchu ilidondoka kwa mtikisiko wa mlio wa kwanza. Ndogo mno haikushuka hadi chini, na pigo la nyundo lilimalizia kuisukuma badala ya kuiwasha. Hivyo walitafuta fataki zinazolingana na chuchu zao, wakazikandamiza kwa kijiti cha mti hadi zikae sawasawa. Mafuta yaliyobaki ndani ya chuchu baada ya kusafisha yaliua moto, kwa hiyo walikausha matundu kwa kufyatua fataki tupu kabla ya kutia baruti. Wakati wa kuvuta nyundo upya, wengi waliinua mtutu juu ili vipande vya shaba vianguke nje badala ya ndani. Colt naye aliweka vijiti vidogo vya chuma kati ya chuchu nyuma ya silinda, ili nyundo ipumzike hapo na isikae juu ya fataki iliyo hai.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa James Butler Hickok, aliyefahamika kama Wild Bill, askari wa usalama katika miji ya Kansas. Mtu aliyemfahamu huko Abilene mwaka 1871 alisimulia kwamba Hickok alizifyatua bastola zake mbili za Colt asubuhi hadi zikaisha, kisha akazisafisha na kuzishindilia upya kwa uangalifu, ingawa hazikuwa zimelowa. Hakutaka kuuweka uhai wake juu ya baruti na fataki za jana.

Dawa kamili ya tatizo hilo ilikuwa imepatikana Colt akiwa bado hai. Mwaka 1855 Rollin White, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt, alipata hataza ya silinda iliyotobolewa kutoka mwanzo hadi mwisho, inayoweza kupokea risasi ya ganda kwa nyuma. Katika ganda, baruti, risasi na kiwashio hukaa pamoja, na hakuna kikombe cha kupasuka na kudondoka. Haki ya kuitumia ilichukuliwa na Smith na Wesson, ambao walianza kuuza bastola zao mwaka 1857. Colt, aliyekuwa amewafikisha mahakamani walioiga silinda yake na kuwashinda, sasa alijikuta upande wa pili wa hataza ya mwingine. Bastola zake ziliendelea kutumia fataki.

Vita, kifo na kiwanda kilichoungua

Mwaka 1855 alikuwa amekamilisha kiwanda kikubwa kando ya Mto Connecticut, kikikingwa na mafuriko kwa boma la udongo lililopandwa mierebi ili mizizi ishike. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth Jarvis. Kati ya watoto wao, ni Caldwell peke yake aliyefikia utu uzima.

Marekani ilipokaribia kugawanyika, Colt aliuza silaha Kaskazini na Kusini kwa pamoja. Magazeti ya Kaskazini yalimshutumu kwa kuwapa silaha watu wa majimbo yaliyotetea utumwa. Vita vilipoanza Aprili 1861, kiwanda kiligeukia kulihudumia jeshi la Muungano, na kazi iliendelea bila kupumzika. Mwenyewe alikuwa amekwisha dhoofu kwa maradhi. Alifariki vita vikiwa havijatimiza mwaka mmoja, na bastola zake zikawa mikononi mwa pande zote mbili.

Elizabeth alirithi kampuni. Mwezi Februari 1864 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda, naye akaamua kijengwe upya. Hataza ya White ilipomalizika mwaka 1869, mlango ulifunguka. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, iliyotumia risasi za ganda, ndiyo iliyofunga enzi ya fataki katika kampuni hiyo.

Kisanduku cha fataki Buganda

Fataki zilikuwa zimefika mbali kuliko Colt alivyofika. Tarehe 20 Februari 1862, siku 41 baada ya kifo chake, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliingia katika kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Miongoni mwa zawadi alizomletea kulikuwa na bastola moja ya silinda, bunduki kadhaa, sanduku la risasi na kisanduku cha fataki. Speke, ambaye alikuwa amesafiri kwa miguu kutoka pwani kupitia Tabora na Karagwe, alijua kwamba bila kisanduku hicho zawadi nyingine zingekuwa chuma cha kutazama.

Katika kitabu chake Speke alieleza kwamba Kabaka alishindilia moja ya bunduki hizo kwa mikono yake, akampa mtumishi kijana na kumwagiza atoke nje akampige mtu. Kijana alirudi akiwa amefurahi kwa kuwa bunduki ilifanya kazi. Speke hakuandika jina la aliyeuawa, na wala hakuona mtu yeyote pale aliyeuliza alikuwa nani.